Beji za Dada

Dada yangu ni fundi cherehani, aliolewa ng'ambo ya mpaka. Gauni lake utazikwa nalo kabla halijafumuka. Nilipomfikia na wanangu watatu, jua la saa nane, kila mmoja na kiatu cha mwenzake, hakuniuliza kitu. Aliwapa watoto chakula, akasogeza marobota ya sare kuukuu ili tupate pa kukaa.

Sare zilitoka nchi nyingine, vita vyao vimekwisha. Tajiri mmoja amezinunua kwa kilo. Kazi ya dada ni kufumua beji za kule kwa wembe, kuziba matundu ya risasi, kisha kudarizi beji mpya za wapiganaji wa nchi yangu. Wale wanavua, hawa wanavaa. Hata vita navyo vina mitumba.

Nikaokota beji mpya moja iliyobaki. Imeandikwa UKOMBZI.

Nikaisoma tena. Waliotuvamia nyumbani walikuwa nalo neno hilo kifuani, wote. Walitupigisha magoti. Mume wangu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, miaka ishirini na kalamu nyekundu, na kosa likimpita machoni hasinzii. Nilimfinya. Wapi!

"Kijana," akamwambia aliyetushikia bunduki, "hapo kuna O imeruka."

Wenzake wakacheka. Kijana hakucheka. Alimtoa nje, na mimi nikasikia mlio mmoja.

Dada alipoona nimeikodolea macho beji akaona haya. Akasema tajiri alimwandikia lile neno kwenye pakiti ya sigara, mwandiko kama kuku kaparura, naye akadarizi mia nne kabla mtu hajamshtua. Tajiri akazichukua hivyohivyo. Vitani nani anasoma? Habari ya msiba ilikuwa imetutangulia; sasa akauliza alilokuwa akilikwepa tangu tufike.

"Mdogo wangu, shemeji walimuua kwa kosa gani?"

Niliwatazama wanangu wakilamba sahani zake. Cherehani ile ndiyo itakayowalisha kesho.

"Risasi haina macho, dada," nikasema.

Akashusha pumzi, akavuta robota jingine. Hizi zinakwenda nchi ya tatu, huko nako kumeanza kuwaka, na neno lao ni refu kama treni. Akanipa beji ya kwanza.

"Wewe umekaa na mwalimu. Hebu nisomee kama nimepatia."

Nikasoma herufi kwa herufi. Safari hii hakukosea hata moja.