Utalala kwa Nani Huko Relini?

"Utalala kwa nani?"

Mama aliniuliza hivyo jikoni kwetu Malvern, pembeni mwa Toronto. Hilo tu sikuwa nimelipanga. Mengine yote nilikuwa nayo. Maji tungechuja ya mtoni, chakula tungekining'iniza mtini dubu wasikifikie, hema lilikuwa la watu wawili. Mimi na rafiki yangu wa chuo, binti wa Kiismailia kutoka Richmond Hill, tulipanga kutembea siku kadhaa kwenye njia ya zamani ya reli, mashariki ya jiji, tukilala kambini. Mama alisikiliza hadi mwisho, akarudia swali lake. Nikamwambia tena, kambini. Akasema kambi ni mahali, yeye ameuliza mtu.

Hata reli yenyewe ilimkera. Nilipomweleza kwamba vyuma viling'olewa zamani, limebaki tuta la kokoto, aliacha kumenya kitunguu.

"Yaani walikuwa na treni, wakaing'oa, ili watu waende kwa miguu?"

"Wanapenda, mama."

"Bibi yako alikwenda kwa miguu maisha yake yote. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda."

Ningeweza kumpuuza. Lakini njia ilianzia mahali pasipofika basi, na mwenye gari alikuwa yeye. Tena sikutaka kuondoka akiwa amenuna. Safari ya namna hiyo unaibeba mgongoni pamoja na begi.

Kwetu mtu hasafiri bila mwenyeji. Kabla ya tiketi hutafutwa wa kukupokea: binamu wa jirani, mtu aliyesoma na shangazi, yeyote. Niliwahi kuuliza kwa nini kulala kwa mtu nisiyemjua, eti kwa kuwa ametoka Moshi, ni salama kuliko hotelini. Nikaambiwa nimesoma sana. Rafiki yangu alicheka nilipomsimulia. Bibi yake, mzaliwa wa Tanga, alikuwa amemuuliza vilevile.

Jumapili mama alirudi kutoka kanisani na ushindi. Amempata nesi, Mtanzania, anayeishi katika mji mdogo unaopitiwa na njia yetu. Alikuwa ameshampigia simu, na nesi ameshaahidi kuku wa halali kwa ajili ya mwenzangu. Nilikataa. Nilisema hema nalijua kuliko ninavyomjua huyo nesi, na kwamba nikilala kitandani kwake safari nzima itageuka ya kwenda kusalimia watu. Nilisema kwa Kiingereza, lugha yangu ya kukasirikia nyumbani. Mama akajibu kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti, kwamba basi tutafute mtu wa kutupeleka.

Kwa siku chache zilizofuata tuliishia kwenye salamu.

Jumamosi rafiki yangu alikuja ili tujaribu hema. Balkoni haikutosha, kwa hiyo tulisogeza meza ya sebuleni na kulisimamisha hapo, fito zikisukuma pazia. Tulikuwa ndani tukibishana kama mabegi yalale nasi au nje, nikaona ndala za mama mlangoni mwa hema. Alisimama hapo kidogo.

"Hodi."

"Karibu, mama," nikajibu kabla sijafikiri.

Akavua ndala, akaingia kwa magoti, akaketi kati yetu. Akagusa kitambaa kwa kucha, akauliza kama mvua haipiti. Rafiki yangu, asiyejua la kufanya, akafungua karanga za safari na kumkaribisha. Mama akala chache, taratibu, kama mgeni anayeogopa kuonekana mlafi.

"Na mimi nikija huko, mtanipokea?"

"Tutakubana hapo hapo katikati," nikasema.

Alitazama juu, fito zilipokutana.

"Haya. Nitawapeleka. Kwa nesi mpite kula tu, msilale."

Alitupeleka. Kuku wa nesi tulimla kibarazani kwake, na jioni ile tukalala kambini; mvua ilinyesha, lakini haikupita hemani.

Miaka mingi baadaye mama yangu mdogo alinieleza jambo ambalo mama hajawahi kulisema. Mama alipofika Toronto mara ya kwanza, mtu aliyeahidi kumpokea hakutokea, na alilala kwenye benchi la uwanja wa ndege, miguu juu ya sanduku, hadi kulipokucha.