Jinsi nilivyoikosa saa ya Bi Rukia

Ting. Ting. Ting.

Wakuu, niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa mlangoni navua viatu, nyumba moja ya Shela hapa Malindi, na huko ndani mlio mdogo kama kijiko kwenye kikombe ukahesabu hadi kumi na moja.

Nikatazama simu. Kumi na moja alasiri kweli.

Sitaongeza chumvi, maana kisa chenyewe hakinisifu.

Mimi hukusanya saa za mkono za kutia ufunguo. Ninazo sita. Moja haiendi. Miaka yote nimetamani minute repeater, saa ambayo ukisukuma kitelezi ubavuni inakugongea wakati, hata gizani. Zipo chache sana duniani, na moja ilikuwa ya marehemu mume wa Bi Rukia. Alipewa na Mtaliano mmoja, baada ya kumtunzia nyumba miaka ishirini. Tena ina kalenda ndani, inayojua yenyewe Februari ina siku ngapi.

Bi Rukia haoni. Hujua wakati kwa kuisikiliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nahamia Kilifi kwa binti yangu, na yeye ana saa inayosema kwenye simu. Hii nataka aichukue mtu anayeijua. Wewe waijua?"

"Naijua, bibi."

Wakuu, nilisema hivyo. Naijua.

Akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na joto la mkono wake. Nikavaa lenzi jichoni, na kwa dakika kadhaa sikuwa na haja ya kitu kingine duniani.

Kisha nikaona kasoro. Ilikuwa Alhamisi, lakini saa ilisema Jumatatu.

"Ilisimama siku tatu nilipokwenda harusini Ganda," akasema. "Tarehe mimi siioni, nikaiacha."

Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ujuzi.

Kwa wasiojua: kalenda hizi hugeuka usiku wa manane, mishale yote ikiwa juu kwenye kumi na mbili. Kwa saa kama tatu kabla ya hapo meno ya ndani huwa yameshashikana, na ukibonyeza kitufe cha siku, unavunja. Sheria hiyo naijua hata usingizini. Nikachungulia dirishani. Jua lipo. Salama.

Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi na moja. Nilikuwa nimesikia kumi na moja. Na ilikuwa kumi na moja. Kila kitu kilikubaliana.

Hapo ndipo mjuzi angeshtuka. Kwenye saa zetu zote, saa kumi na moja mshale mfupi huwa kwenye tano.

Nikabonyeza.

Kak.

"Nini hicho?" akauliza.

Nikabonyeza tena, taratibu. Kitufe kikazama na hakikurudi.

"Bibi, marehemu aliitegeshaje hii saa?"

"Kwa saa zetu, mwanangu. Hakutaka siku igeuke usiku wa manane kama ya Wazungu. Jua likizama Alhamisi, ni usiku wa Ijumaa, na saa yake nayo iseme Ijumaa. Si wasema waijua?"

Yaani ilikuwa imebaki chini ya saa moja igeuke. Kwangu ilikuwa alasiri. Kwake yenyewe ilikuwa karibu na usiku wa manane.

Nikamweleza yote. Hakupandisha sauti. Akaniletea kahawa na kashata, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nilichojifunza: kabla hujaigusa saa ya mtu, muulize siku yake huanza lini. Kama kuna fundi anayeweza kuitengeneza kalenda hiyo, aandike hapa chini, nitampeleka Kilifi kwa mikono yangu. Na wa kucheka acheke, nimeshazoea.

Tulikaa hadi adhana ya Magharibi. Akaipapasa saa kiganjani mwangu, akasukuma kitelezi. Ikagonga kumi na mbili, safi kabisa.

"Hebu nitazamie. Ijumaa imeingia?"

Nikatazama.

"Bado ni Jumatatu, bibi."

Akanyoosha mkono, nikamrudishia. Akanisindikiza hadi mlangoni akipapasa ukuta, akangoja nimalize kuvaa viatu.

"Nenda salama, mwanangu."

Nikatoka. Nyuma yangu akafunga mlango, na komeo likaingia.