Sikio la Nanyokie

Ukitaka kumkasirisha mama Anderson, mwambie picha ni makaratasi tu. Mimi nilithubutu siku moja, akaninunia wiki nzima, na shamba langu la tangawizi limepakana na lake.

Jina lake ni Raheli. Mwaka wa tatu sasa ndiye mtunzaji wa makumbusho ya picha za kuchorwa hapa kijijini kwetu Mamba, juu mlimani, chumba kimoja ambacho zamani kilikuwa ghala la kikundi chetu cha wakulima. Picha zilizomo, thelathini na moja, alizinunua marehemu mwalimu Tumainieli, moja moja, maisha yake yote ya ualimu, wenzake walipokuwa wakinunua mabati. Aliacha neno kwamba zibaki kijijini. Lakini mrithi ni binti yake, Victoria, anayeishi Dar es Salaam, na huko watu walikuwa wanamshauri azihamishie mjini zikatunzwe na wanaoijua kazi.

Tuliposikia Victoria anakuja kukagua na kuamua, Raheli hakukaa kitako. Alifagia, akafuta buibui, akaupaka mlango rangi nyekundu. Tena sisi wakulima tuna tabia yetu: tangawizi haiendi sokoni kabla hujaondoa udongo na kukata palipooza. Basi katika picha kubwa ya ng'ombe wa tambarare za Ndungu, akaona ng'ombe mwekundu wa mbele ana pengo sikioni. Akajua ni panya tu huyo, katafuna turubai. Akachukua rangi iliyobaki ya mlango, akaliziba pengo. Nami nilikuwepo, nikamsifu kabisa, mjinga mimi.

Siku ya ukaguzi Victoria alikuwa anazunguka chumbani na daftari lake, alipoingia mzee mmoja wa Kimasai. Alikuwa amepanda mlima kwa bodaboda kutoka Ndungu, na vumbi lote la njiani amekuja nalo.

"Shikamoo, baba," Raheli akamwamkia.

"Marahaba, mama. Mimi ni Koileken. Nimesikia iko picha hapa iliyochorwa kwenye boma letu, mimi nikiwa kijana. Mchoraji alikaa kwetu mwezi mzima. Ng'ombe wa baba walikufa wote na ukame. Nimekuja kumwona mmoja."

Tukampeleka. Akaitazama picha muda mrefu, uso karibu uguse turubai, kisha akarudi nyuma.

"Si huyu. Wetu, baba alimkata sikio la kushoto. Ndiyo alama ya nyumba yetu. Huyu ana sikio zima." Akaelekea mlangoni.

Raheli akanitazama. Nikamtikisia kichwa anyamaze. Angenyamaza, mzee angeteremka kwao, Victoria asingejua lolote, na picha zetu zingekuwa salama. Lakini yeye akamfuata mzee mlangoni.

"Baba, subiri," akasema. "Sikio hilo nimeliziba mimi. Nilidhani ni panya."

Victoria akavua miwani. "Mama Anderson, umepaka rangi picha ya baba yangu?"

"Ya mlango," Raheli akajibu. Huyo mwanamke hajui kukiri nusu nusu.

Nilijua tumekwisha. Victoria akatoa simu, akapekua picha ambazo baba yake alikuwa ameipigia zamani michoro yake, akaipata ya ng'ombe, akaikuza. Pengo lilikuwepo, limekatwa sawasawa kwa kisu. Akampa mzee.

Koileken aliishika ile simu kwa mikono miwili. "Nanyokie," akasema. Kwao maana yake ni mwekundu. "Tulikuwa watoto saba. Wote tumekunywa maziwa ya huyu." Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Na mimi nililia, nisidanganye.

Victoria akaketi kwenye benchi. "Picha hii ilikaa sebuleni kwetu tangu nizaliwe," akasema, "na sikujua kwamba huyu ana jina. Kule mjini nani angeniambia?"

Akafunga daftari. Picha zitabaki Mamba, akasema, ila mama Anderson asishike tena brashi. Yeye mwenyewe atamleta fundi wa picha aitoe hiyo rangi ya mlango taratibu mpaka pengo lionekane. Raheli alikubali haraka hata kabla hajamaliza kuambiwa, akanishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Koileken alikuwa bado amesimama mbele ya picha.

"Huyo fundi anakuja lini?"

"Labda mwezi ujao, baba."

"Mnijulishe siku," akasema. "Ng'ombe wa baba hakatwi sikio mimi sipo."