Vitambaa Vilivyohukumiwa Kuchomwa

Usiku wa Ijumaa sikulala. Nilikaa kwenye kochi, simu mkononi, nikingoja habari kutoka kanisani, ambako mchungaji na wazee watano walikuwa kwenye kesha wakiamua kama sanduku la vitambaa la binti yangu lichomwe au lisamehewe. Watu wazima, wenye wajukuu, wameketi usiku kucha kuhukumu nguo! Hata sasa ninapoandika, hasira haijanitoka. Na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, kwa sababu sanduku nililipeleka mimi.

Binti yangu anaitwa Nanzala. Ana miaka thelathini na mitatu. Ni karani wa mahindi kwa mfanyabiashara mmoja wa Moi's Bridge. Huhesabu magunia yakipakiwa, hupanda lori na dereva hadi yanakoshushwa, huhakikisha yamefika sawa, kisha hurudi. Amefika Lodwar, Isiolo, Namanga, hata kuvuka mpaka hadi Tororo na Mbale. Wenzake wakirudi huleta samaki wakavu au mkungu wa ndizi. Yeye huleta kitambaa. Mita mbili, hazidi.

Wala haingii duka kubwa. Huenda sokoni akawauliza akina mama wanaouza, "Nyinyi mkitaka kupendeza na bado mfanye kazi, mnavaa nini?" Wanachomwonyesha ndicho anachonunua. Ndiyo maana ana kitambaa cha gauni la gomesi kutoka Mbale, kitambaa laini cha gauni la baati kutoka Isiolo, shuka nyekundu ya Namanga, na nguo ya rangi ya samawati ambayo mama mmoja wa Lodwar alivua mabegani kwake akampa, akakataa kulipwa.

Tabia hii haikuanzia barabarani. Marehemu baba yake, Wesonga, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa Eldoret, upande wa mashine za kufuma. Jora likiisha hubaki vipande vifupi visivyouzika, na msimamizi wao alikuwa akiwaruhusu wavichukue. Wesonga alivileta mfukoni. Nanzala, akiwa na miaka sita, alivipanga sakafuni kwa rangi, na mtu akipita karibu alipiga kelele asivikanyage. Kiwanda kilipofungwa, sisi wakubwa tulilia kazi. Yeye alilia vipande.

Ana utaratibu wake. Kila kitambaa kipya hukiloweka kwenye maji ya chumvi aone kama kinatoa rangi, hukianika kivulini, halafu hukikunja na kukiacha mwezi mzima bila kukigusa.

"Mbona usikishone sasa?" nilimuuliza siku moja.

"Kiache kitulie, mama. Bado kina uchovu wa safari."

Kikishatulia ndipo anaketi kwenye cherehani, usiku au Jumapili baada ya ibada. Amewashonea wasichana wa chuo kule Chepkoilel mikoba ambayo huwezi kuona miwili inayofanana. Mimi amenishonea aproni tatu. Lakini kazi yake hasa, aliyoanza miaka minne iliyopita, ni kifuniko kikubwa cha kitanda. Katikati aliweka vile vipande vya baba yake, alivyovihifadhi miaka yote hiyo, halafu akawa anazungushia vitambaa vya kila mahali alipofika, kwa mfuatano wa safari zake. Ukikitandaza unaona maisha ya mtu mzima yakitoka mkononi mwa baba yake na kwenda mbali.

Mimi nilikiona hicho, na bado nikafanya nilichofanya.

Nitasema ukweli. Mimi ni mama wa kuangalia. Mtoto wangu akisalimiwa na mwanaume njiani, nitajua ni nani kabla jua halijazama. Na nilikuwa nimeangalia miaka mingi bila kuona pikipiki yoyote ikisimama mlangoni kwake kwa mambo ya maana. Wa rika lake wote wameolewa. Kwa hiyo mwezi wa pili nilienda kwa mchungaji wetu, Ephantus, kumwomba amwombee Nanzala apate mume.

Akafumba macho. Akauliza, "Mama, huyu binti ana vitu gani vya kutoka mbali ndani ya nyumba?"

Nami, kama mtoto anayejua jibu darasani, nikamtajia. Baati ya Isiolo, gomesi ya Mbale, ile nguo ya Lodwar iliyotoka mabegani mwa mtu. Kila nilipotaja, alitikisa kichwa.

"Hapo ndipo shida ilipo. Kila kitambaa ni kamba. Kimoja kimemfunga kule, kingine kule. Huyo mtu atatuliaje kwa mume?"

Nilisoma hadi darasa la saba tu. Mtu akisema jambo kwa sauti ya kuhubiri, huwa nadhani amelisoma mahali. Nikamwamini.

"Lilete sanduku liombewe," akasema. "Kuombewa tu."

Nilikuwa na ufunguo wa chumba cha Nanzala. Amepanga chumba kwenye ploti ya pili kutoka kwangu, hapa Langas, na aliniachia nimwagilie sukuma wiki alizopanda kwenye magunia. Jumatano, akiwa njiani kwenda Lodwar, mimi na jirani yetu Selpha, ambaye ni mhudumu kanisani, tulilibeba sanduku. Ni lile la bati alilokwenda nalo shule ya bweni, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko. Njiani tulilipumzisha mara nne.

"Ni zito kweli," Selpha akasema akihema. "Kama ni mapepo, yamekula yakashiba."

Tukacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Alhamisi jioni ndipo niliposikia kwamba kuombewa tu kumegeuka. Kuna mzee aliota ndoto. Wengine wakasema vitu kama hivyo haviombewi, vinachomwa. Ndipo wakaitisha kesha.

Simu ya Selpha iliingia saa kumi na moja kasoro alfajiri.

"Bwana asifiwe, Mama Nanzala. Wameamua. Ni Jumapili, baada ya sadaka, nje pale kwenye kiwanja. Wanataka kanisa lote lione."

"Na Nanzala je?"

"Wamesema aitwe mbele. Yeye ndiye atawasha kiberiti."

Nilikata simu bila kuaga. Mtoto wangu asimamishwe mbele ya watu mia mbili achome kazi ya mikono ya baba yake? Kwa kosa gani? Hakuiba, hakulewa, hakumtusi mtu. Kosa lake ni kwamba alifika mahali akapenda kitu cha mahali hapo. Na lori lake lilikuwa linafika asubuhi hiyohiyo.

Kulipopambazuka nilikuwa mlangoni kwa mchungaji. Nyumba yake iko nyuma ya kanisa. Walikuwa wanakunywa chai na mkate, yeye na mkewe Muthoni.

"Mama Nanzala! Mapema hivi?" Muthoni akasema. "Ama umekuja kutupangia kuni?"

"Nimekuja kuchukua sanduku."

Mchungaji akaweka kikombe chini polepole. "Mama, kitu kikishawekwa madhabahuni si chako tena."

"Hata nilipokileta hakikuwa changu. Ndiyo sababu nimekuja. Mpaka sasa mwizi ni mimi peke yangu. Ukikichoma tutakuwa wawili."

"Mama, usiseme kwa hasira. Tunamsaidia binti yako. Hujui hivyo vitambaa vimetoka kwa nani."

Hapo ndipo macho yangu yalipoangukia koti la suti yake ya kijivu, lililotundikwa kwenye msumari tayari kwa Jumapili.

"Mchungaji, hiyo suti ulinunua wapi?"

Akaligeukia koti.

"Si tulikuwa pamoja? Soko la mitumba, belo la nguo likifunguliwa. Ulimshika muuzaji, Mungai, shati, ukamwambia hiyo suti asiigusishe mtu mwingine. Sasa niambie, ilivaliwa na nani kwanza? Mlevi? Mchawi? Alikufa ikiwa mwilini?"

Muthoni alipaliwa na chai.

"Ilifuliwa," mchungaji akasema.

"Na vya Nanzala vimelowekwa kwa chumvi."

"Suti iliombewa, mama."

"Basi viombee na hivi univirudishie. Ama Jumapili tuvue wote, tuanzie viti vya mbele. Hii sketi yangu simjui mwenyewe. Sweta simjui. Kamisi peke yake ndiyo nilinunua mpya, nitabaki nayo. Wewe utabaki na nini?"

"Ephantus," Muthoni akasema, akijipangusa midomo, "mpe mama sanduku lake kabla hajafika kwa nguo zangu."

Sikucheka. Nilikuwa nimeona kitu kilichonichoma zaidi: mchungaji hakuwa anajuta. Alikuwa anaona aibu ya suti tu. Kwamba kuna mtu wa kweli, mwenye jina, ambaye vitu vyake vilikuwa vinaenda motoni, hilo halikumfikia hata kidogo. Alinipa ufunguo wa stoo ya kanisa akaendelea kupaka mkate siagi.

Stoo ilinukia kama jikoni. Nilifungua sanduku. Vitambaa vilikuwepo vyote, lakini kifuniko cha kitanda, kilichokuwa juu kabisa, kilikuwa kimelowa. Doa pana, la njano, lilikuwa limeenea katikati likaingia kwenye mishono. Nikarudi mbio.

"Mmemwagia nini?"

"Mafuta ya upako," akajibu.

"Haya ni mafuta ya kupikia! Mimi nakaanga maandazi tangu Nanzala akiwa tumboni, unafikiri sijui harufu yake?"

"Yameombewa."

Niliita bodaboda, tukalifunga sanduku nyuma kwa mpira. Mwenye pikipiki akataka kujua kama nahama. Nikamwambia aendeshe.

Kwenye ploti ya Nanzala nilimkuta Selpha amesimama kwenye mfereji, ndoo yake imejaa na maji yanamwagika miguuni, naye haoni.

"Amefika," akasema bila kuniangalia. "Ameuliza sanduku liko wapi. Nimemwambia ukweli, Mama Nanzala. Ningemdanganyaje, na uso wake bado una vumbi la Lodwar?"

"Amesema nini?"

"Hajasema. Ameingia ndani akafunga."

Mwenye boda alinisaidia kulishusha mbele ya mlango akaenda zake. Nilibisha.

"Nanzala."

Nikabisha tena.

"Ni mama."

"Najua ni nani."

Sauti yake ilikuwa karibu sana, kama aliyeketi sakafuni ameegemea mlango.

"Nimelirudisha."

"Viko vyote?"

"Vyote."

Ningeweza kuishia hapo. Haki ya Mungu ningeweza kumwacha aone mwenyewe baadaye, mimi nikiwa mbali. Lakini nilikuwa nimechoka na watu wanaofanya mambo halafu wanakunywa chai.

"Lakini walimwaga mafuta," nikasema. "Juu ya kile kikubwa. Katikati, pale pa baba yako."

Selpha alikuwa amefunga mfereji, na wapangaji wengine walikuwa wametoa vichwa madirishani. Waache waone, nikasema moyoni. Kama walikuwa tayari kumwona yeye kiwanjani, basi wanione mimi hapa.

"Nani aliwaambia kuna sanduku?"

"Mimi."

"Nani alifungua chumba changu?"

"Mimi."

"Ulikuwa unatafuta nini, mama?"

"Mume."

"Mume wa nani?"

"Wako."

Kulitoka sauti ndani, sijui kama ilikuwa kicheko au kilio. Mimi niliyemzaa sikuweza kutofautisha. Nikaweka kiganja kwenye ubao wa mlango.

"Nilikosa," nikasema. "Sikukosa kidogo, nilikosa kabisa. Nilimwambia mtu mwingine habari za nyumba yako kabla sijakuuliza wewe kama unataka kuolewa."

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka upana wa bega. Sikuuona uso wake. Niliona mkono, wenye wino wa hesabu za magunia kwenye vidole, ukishika kishikio cha sanduku na kuvuta. Likakwama kwenye kizingiti. Nikainama nikainua upande wangu, tukalisukuma pamoja, yeye ndani na mimi nje, mpaka likapita.

Kisha mlango ukafungwa, na nikasikia komeo likirudi mahali pake.