Kitabu Kimoja, Mkeka Mmoja

Juzi kitukuu changu kahitimu chekechea. Ndiyo, kahitimu, nawe usishangae kama nilivyoshangaa mie. Walimvalisha joho na kofia bapa yenye kishada, akapandishwa jukwaani kupokea cheti huku analia kwa sababu kofia inamwasha. Mwalimu mkuu akahutubia kirefu juu ya ubora wa elimu, akataja kompyuta, bembea na basi la shule. Mie nimekaa kwenye kiti cha plastiki, soda mkononi, mawazo yakanitoroka, yakaenda zao Temeke, enzi za Mwingereza, kwenye banda la mbata.

Banda lile lilikuwa la jirani yetu, Mwarabu mwenye duka, ambaye alikaushia nazi humo kabla hajalitoa kwa ajili ya watoto. Nazi zilihama, harufu ikakataa. Ukirudi nyumbani, bibi hakuwa na haja ya kukuuliza kama ulikwenda shule, alikunusa tu. Mwalimu wetu alikuwa mke wa karani mmoja kutoka bara, mwanamke mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alitufundisha hesabu kwa karanga. Kujumlisha kulitushinda, maana kila alipoongeza karanga kuna mkono ulipita. Kutoa tulikujua sana.

"Nyie mtakuwa watoza kodi," alikuwa akituambia.

Lakini kusoma ndiko kulikokuwa na heshima yake. Kitabu kilikuwa kimoja. Mwalimu alikiweka katikati ya mkeka, nasi tukakizunguka kama watu wanaokula sinia moja. Kila mtu alikuwa na mahali pake, na kumkalia mwenzio mahali pake ilikuwa vita. Mie nilikaa upande wa pili, nikitazamana na mwalimu. Yeye alifuata maneno kwa kijiti, sie tukaimba: baba ana jembe, mama ana kuku. Bibi akipita na beseni lake la vitumbua alisimama kusikiliza, kisha akaenda kutangaza mtaani kwamba mjukuu wake anasoma kama kadhi.

Basi ikaja habari kwamba mkaguzi wa elimu, Mzungu, atapita kwenye vishule vya mitaani, na kisichofundisha kitu kitafungwa. Shule nyingine ilikuwa mbali. Kwa sie wasichana maana yake ilikuwa moja tu: utabaki nyumbani unakuna nazi mpaka uolewe. Asubuhi ya siku hiyo bibi alinipaka mafuta hadi nzi wakateleza.

Mkaguzi aliingia na kaptula yake na soksi za kufika magotini. Tukasimama. "Shikamoo, bwana!"

"Jambo, watoto."

Tukadhani hakusikia. Tukaamkia tena, kwa nguvu zaidi. Akasema jambo. Mara ya tatu mwalimu akamsogelea, akamnong'oneza, "Sema marahaba, bwana, la sivyo hawatakaa."

Akasema marahaba. Tukakaa.

Mwalimu akaniita mie, msomaji wake bora. Mkaguzi akanikabidhi kitabu, nikakitazama, nisione ila madudu matupu. Nikakigeuza juu chini. Hapo maneno yakarudi yote. Mkaguzi akakigeuza tena. Nami nikakipindua tena.

"Mtoto huyu hajui hata kushika kitabu," alimwambia mwalimu.

Nikamwona mwalimu uso umemsawijika, nikaziona na zile nazi zinazonisubiri. Nikaanza kusoma bila kungoja ruhusa. Nikamaliza ukurasa, nikafungua mwingine. Mkaguzi akafikiri nimekariri. Akatoa kwenye mkoba wake kitabu ambacho sijapata kukiona. Nacho nikakipindua, nikakisoma polepole, neno kwa neno, habari za mbuzi aliyekula kofia ya mwenyewe.

Akamwita mtoto wa mwenye duka, ambaye mkekani alikaa ubavuni mwa kitabu. Huyo alikilaza kitabu upande, akainamisha shingo kama kuku anayesikiliza, akasoma vilevile.

"Mwalimu," mkaguzi akauliza, "watoto hawa wana ugonjwa gani?"

Mwalimu alikuwa akituona siku zote tumekizunguka kitabu, hakuwahi kutuona tumekishika. Naye ndiyo kwanza alikuwa anaelewa. "Hawana ugonjwa, bwana," akasema. "Wana kitabu kimoja."

Mkaguzi akautazama mkeka kwa muda. Kisha akacheka mpaka akatoa leso, na mwalimu naye akacheka, machozi yakimtoka kwa sababu nyingine.

Shule haikufungwa. Baada ya masika likaja sanduku la vitabu. Nilipopewa changu, mwalimu akaanza kunifundisha upya kukishika, nikalia kwa hasira. Niliona nanyang'anywa elimu yangu.

Mwaka uliofuata karani alihamishwa, na mwalimu akaondoka naye kwa treni. Hatukumwona tena. Jirani akafariki, wanawe wakauza kiwanja. Juzi nikitoka kwenye mahafali nilimwomba dereva anipitishe pale palipokuwa na banda. Pana ghorofa, chini wanauza vigae. Mlinzi, kijana mwenye adabu, akanijia.

"Shikamoo, bibi. Unatafuta nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hapa palikuwa na shule."

Akavitazama vigae, akanitazama na mie. "Shule gani, bibi?"

Nikafungua mdomo nimtajie jina. Haikuwa na jina. Sie tulikuwa tukiaga tu nyumbani: bibi, nakwenda kwa mwalimu.