Joto la Cucu wa Dirishani

Kompyuta ililetwa wodini Embu kabla sisi wanafunzi wa uuguzi hatujajua hata kuiwasha. Chuoni mwalimu alichora kibodi ubaoni, tukaichora karatasini, tukaibonyeza hiyo karatasi kwa vidole na kufaulu mtihani. Hasira hiyo haijaniisha.

Kwenye kitanda cha dirishani alilazwa cucu mmoja, bibi mzee kutoka Kanja. Aliponiuliza jina nikamtajia, akacheka: lilikuwa jina la mama yake mzazi. Tangu hapo hakuniita sista. Aliniita mami, yaani mama. Nilipomlisha uji nilimkemea kama mtoto wangu, naye alifurahi kukemewa.

Alifariki Jumapili, sikuwa zamu. Jumatatu nilikuta kitanda kimetandikwa, kitupu. Lakini kwenye kompyuta bado alikuwa amelala pale, na kando ya jina lake alama nyekundu ilidai apimwe joto. Hakuna aliyejua kumtoa.

"Weka tu normal, hiyo nyekundu itoke," mwanafunzi mwenzangu alisema. "Mwalimu akiiona tumeisha."

Akaandika joto la mtu mzima wa afya. Alama ikageuka kijani. Marehemu alikuwa amepewa joto. Asubuhi iliyofuata kompyuta ililidai tena, na mwenzangu akampa tena.

Kisha akaletwa mama mwenye nimonia, akakalishwa kwenye benchi la korido, akihema kwa shida. Kitanda kilikuwepo na dawa ilikuwepo. Lakini kompyuta ilisema kitanda kina mtu, na famasi haikutoa dawa kwa mgonjwa asiye na kitanda.

"Si nyinyi vijana ndio wa kompyuta?" sista mkuu aliniambia. "Mtoe huyo cucu, huyu mama asinifie hapa."

Nilitafuta kwa kidole kimoja, nikipotea na kurudi, hadi nikapata mahali pa kuandika kwamba mgonjwa amefariki. Nikabonyeza. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika.

Mimi sikuwa nimemwona amekufa. Niliogopa. Nyuma yangu yule mama akakohoa, nikakubali. Jina likapotea, na mama akapandishwa kitandani.

Siku hizi nasifiwa kuwa hodari wa kompyuta, na wanafunzi wapya huniuliza nilijifunzia wapi. Siwaambii. Kila asubuhi naiwasha, na kabla majina hayajatokea, nangoja kuitwa mami.