Lumbesa Ubaoni

Darasa zima la chuo huko Marekani lilibishana siku mbili juu ya swali moja: mimi ni mwizi au si mwizi? Sikuwepo. Nilikuwa nyumbani kwangu Utemini, Singida, nimekaa na redio yangu, sijui lolote. Barua ya binti yangu iliponifikia nilikuta nimeshahukumiwa kitambo, na nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba watoto, umepata kichaa?"

"Nimeshindwa kesi," nikamwambia. "Njoo usikie nilivyoshindwa."

Lakini kicheko kile nilikifikia kwa njia mbaya, na njia yenyewe lazima niieleze.

Kabla serikali haijaruhusu biashara huria nilikuwa karani wa chama cha ushirika. Kazi yangu ilikuwa mizani. Mkulima analeta mazao, napima, naandika, anaondoka. Ikaja miaka ile watu walipoanza kusema kila kitu ruksa, chama kikafa, na mimi nikabaki na cheti cha kidato cha nne na Kiingereza cha kusomeka. Nikaingia kwenye vitunguu. Nilikuwa nakodi lori, nashuka vijijini mbele ya Kiomboi, nanunua kwa wakulima na kupeleka Dar es Salaam.

Hatukununua kwa kilo. Tulinunua kwa gunia, na gunia letu lilikuwa lumbesa. Mtu wa mjini huenda ameliona barabarani tu, asijue linavyotengenezwa. Unajaza gunia mpaka mdomoni. Kuli anaweka goti, anashindilia, unaongeza. Likikataa kuongezeka unalifumia shingo ya kamba na kupandisha vitunguu vingine juu, mpaka linakuwa kama mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Halafu mkulima analipwa gunia moja. Akinung'unika unamwambia, "Hicho ndicho kipimo cha huku." Nilikuwa nalisema neno hilo mara nyingi kwa siku, mimi niliyekula mkate wa mizani miaka yote ile. Wanunuzi wengine wangeweza kusema hawajui tofauti. Mimi nilikuwa naijua.

Binti yangu, kitinda mimba, alikuwa anasoma sekondari ya bweni Kiomboi. Shuleni pale alikuwepo mwalimu wa hesabu na biashara, mama wa Kiyahudi kutoka Marekani, aliyekuja kujitolea. Ijumaa jua likikaribia kuzama aliwasha mishumaa miwili, na Jumamosi hakushika chaki wala kupanda gari. Alipotutembelea nyumbani mke wangu alimchinjia kuku, yeye akaomba radhi kwamba hali nyama isiyochinjwa kwa sheria ya dini yake, akala mayai ya kuchemsha na viazi vitamu. Jirani yetu Mwislamu alimpenda siku hiyo hiyo. "Nguruwe hali, nyama hali ya mtu yeyote tu," akasema. "Huyu ni wetu nusu."

Ndiye aliyetuambia habari za chuo. Kilikuwa chuo cha watu wake, cha shahada ya kwanza ya biashara. Wanafunzi walijifunza uhasibu, masoko na uongozi kama vyuo vingine, lakini kila siku walitengewa saa za masomo ya Kiyahudi: lugha yao, historia yao, na sheria za dini yao. Wasio Wayahudi walipokewa wachache sana, na mwaka ule kulikuwa na nafasi moja ya ufadhili kwa mwanafunzi kutoka Afrika.

Mke wangu aliuliza swali lililokuwa kooni kwangu. "Mwalimu, mwanangu atarudi Myahudi?"

Mwalimu akacheka. "Mama, hata angeomba mwenyewe tungemkataa kwanza. Sisi hatutafuti watu. Tunatafuta mwanafunzi."

Mwombaji alitakiwa kuandika insha: aeleze dhuluma moja ya biashara aliyoiona kwa macho yake. Binti aliandika wiki tatu. Nilipopita Kiomboi na lori alinipa bahasha, haijafungwa, kwa sababu mzazi alitakiwa kutia sahihi. Akaniomba niipeleke posta Singida. Niliisoma njiani, nimekaa pembeni ya dereva. Sentensi ya kwanza, kwa Kiswahili, ingekuwa hivi: "Baba yangu huiba kwa goti."

Nilisoma yote. Aliandika lumbesa inavyojazwa, na jinsi wakulima wanavyotazama pembeni inaposhonwa. Hakuongeza chumvi hata punje. Kama angeongeza ningepata pa kumkamata.

Sikuipeleka posta. Nilifika Utemini nikaitia kwenye sanduku la bati, chini ya karatasi za ushirika, nikafunga kufuli. Alipouliza nilimwambia nimetuma. Nikajiambia namlinda asipotelee ughaibuni, lakini nilikuwa najilinda mimi.

Alimaliza kidato cha sita akarudi nyumbani kungoja jibu. Kila nilipotoka mjini alinipokea mzigo mlangoni.

"Shikamoo baba. Posta hakuna kitu?"

"Marahaba. Hakuna, mwanangu."

"Labda Kiingereza changu kibovu."

"Labda," nikasema.

Nimesema maneno mengi mabaya katika maisha yangu, mengine kwa hasira, mengine kwa pombe. Nikipewa nafasi ya kurudisha moja tu, nitachukua hilo "labda."

Miezi ikapita. Siku moja aliacha kuuliza. Akafunga madaftari yake kwa kamba, akayapandisha juu ya kabati, akasema, "Baba, kuliko kukaa bure, nitakusaidia kazi." Nikamchukua. Alijifunza haraka, kama alivyojifunza kila kitu. Shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, ilimtii kuliko ilivyowatii makuli wangu.

Siku moja tulikuwa shambani kwa mama mmoja mjane, mtu mzima, niliyenunua kwake tangu nianze kazi. Gunia lilikuwa limejaa. Kuli alikuwa mbali. Binti yangu akakunja kanga yake, akaweka goti juu ya vitunguu, akashindilia kwa uzito wake wote.

Yule mama akasema, "Loo, mjukuu wangu. Goti lako zito kuliko la baba yako."

Binti aligeuka. Alinitazama mimi, kama mwanafunzi anayesubiri alama ya vema.

Nilimwambia ashuke. Nikamwambia dereva tunaondoka. Kesho yake asubuhi nilifungua sanduku, nikatoa bahasha, nikapanda basi la Kiomboi bila kuaga mtu. Nilikuwa na haraka ya mtu aliyechelewa mwaka mzima. Kwa haraka hiyo nilisahau kuangalia ni siku gani.

Ilikuwa Jumamosi.

Mwalimu alinikuta mlangoni kwake, nimenyoosha bahasha. Hakuipokea. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama pale pale: sanduku, kufuli, uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika, lakini sauti haikupanda.

"Leo siandiki," akasema. "Sisomi barua za kazi. Kaa."

"Mpaka saa ngapi, mwalimu?"

"Mpaka nyota tatu zionekane. Hapo ndipo Sabato inakwisha."

Nikakaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mwalimu, na bahasha mapajani. Alinipa chakula cha baridi alichopika jana yake, na maji. Alikuwa na kitabu chake, anasoma, midomo inacheza. Mimi sikuwa na kitabu. Kwa miaka mingi sikuwa nimepitisha siku bila kununua kitu wala kumpunja mtu, na sikujua mikono niiweke wapi. Mchana nilimuuliza kama nafasi imeshapotea. Akasema, "Ya mwaka ule, imepotea." Akarudi kwenye kitabu. Alikuwa na haki ya kunitukana na hakunitukana, na hilo lilinichoma zaidi.

Jioni tukatazama juu wote wawili. Nyota ya kwanza, ya pili. Ya tatu niliiona mimi kwanza, nikamwonyesha kwa kidole kama mtoto. Mwalimu akaenda kufanya sala yake fupi, kisha akawasha taa ya chemli, akaleta karatasi na kalamu. Nilidhani ataandika yeye. Akaisukuma kalamu kwangu.

"Anza wewe. Mimi nitaandika baada yako."

Niliandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Mistari michache tu: kwamba kuchelewa ni kosa langu, si lake, kwamba niliisoma insha nikaificha, kwamba alichoandika ni kweli, na goti ni langu. Nikatia sahihi. Mwalimu akaisoma, akasahihisha neno moja, akaiunganisha na ile insha.

Nyumbani nilimwita binti na mama yake nikawaambia. Mke wangu aliingia ndani akafunga mlango, na hakusema nami siku nne. Binti alibaki amekaa. Akauliza, "Ulisoma yote, baba?"

"Yote."

"Kulikuwa na kosa la sarufi?"

"Sikuliona hata moja."

"Basi haikuwa Kiingereza changu," akasema. Akainuka, akapanda kwenye stuli, akateremsha madaftari yake kutoka juu ya kabati.

Jibu lilikuja kabla ya mavuno yaliyofuata. Aliifungua barua mbele ya mama yake, si mbele yangu, na hiyo nilistahili. Nilisikia kigelegele nikiwa uani, kikarudiwa, majirani nao wakaitikia kabla hawajajua cha nini. Wamempokea! Nafasi ya mwaka mpya, ufadhili wote. Chini kabisa mkuu wa masomo aliongeza kwa mkono kwamba walisoma insha nyingi za watu walioona dhuluma, ila hii ilikuja na sahihi ya mwenye dhuluma.

Wanunuzi wenzangu walipata la kusema. "Tajiri kampeleka binti kusomea Uyahudi! Akirudi, Jumamosi nani atampikia?" Niliwajibu Jumamosi nitapika mwenyewe, nimeshakula chakula cha baridi cha Kiyahudi na sikufa.

Barua zake zilikuja nene. Alieleza kwamba saa za sheria za dini watu hukaa wawili wawili, kitabu katikati, na kubishana kwa sauti, ukumbi mzima kelele kama mnadani, na mwalimu anapita katikati akifurahi. Mwanzoni alidhani wanagombana. Mwenzake wa mezani, msichana mpole mtaani, mezani alikuwa simba. Mchana wakawa kwenye uhasibu na masoko, na yale ya asubuhi yakawafuata huko huko.

Halafu ikaja ile barua. Walikuwa wamefika kwenye sheria za vipimo. Wazee wao wa kale walishalijadili: mahali ambapo desturi ni kusawazisha kipimo, usirundike, mahali ambapo desturi ni kurundika, usisawazishe. Binti yangu akanyoosha mkono. Akawaambia kwetu tuna neno lake. Mwalimu akamwita mbele, akamwuliza linavyotamkwa, akaliandika ubaoni kwa herufi zao, kutoka kulia kwenda kushoto: lumbesa.

Hapo ndipo kesi yangu ilipoanza. Vijana wengine walinitetea. Walisema desturi ya mahali ndiyo sheria, na baba huyu amekuta watu wanarundika. Yule msichana wa mezani alinishambulia mpaka kengele. Siku ya pili wakaanza tena. Mwishowe mwalimu aliuliza swali moja: "Mkulima akikataa kurundika, atauza kwa nani?" Binti yangu akajibu: "Hakuna. Wanunuzi wote wanarundika." Mwalimu akasema basi hiyo si desturi, kwa maana desturi ni kitu ambacho pande zote mbili zimekubali. Hata watetezi wangu wakasema: basi ni mwizi.

Ndiyo barua niliyoichekea na mwiko wa mke wangu juu ya kichwa changu. Sikucheka kwa sababu nilipona, maana sikupona. Nilicheka kwa sababu mtoto niliyemwambia "labda" alikuwa amesimama mbele ya wasomi, na neno la mashamba yetu liko ubaoni.

Alirudi na shahada yake. Mjini walimtaka ofisini, naye akasema atakwenda, ila kwanza msimu mmoja wa vitunguu. Tukanunua mizani. Tukaenda kwanza kwa yule mama mjane. Wenzake wengine niliowashindilia kwa miaka walikuwa wameshazikwa, na kwao sina cha kupeleka.

Yule mama alijaza gunia, akafika mdomoni, akaendelea kupandisha kwa mazoea. Binti yangu akamshika mkono.

"Shikamoo bibi. Imetosha."

"Marahaba. Bado, mjukuu wangu, shingo haijawekwa."

"Hakuna shingo." Akapitisha ubao mdomoni mwa gunia, vitunguu vilivyozidi vikadondoka chini, akalishona tambarare kwa shazia, tukalipima kwenye mizani. Akaonyesha rundo lililobaki. "Hivi ni vyako."

"Nivipeleke wapi?"

"Nyumbani."

Yule mama akalitazama rundo, akapiga makofi. "Miaka yote nalima, sijawahi kubakiwa. Sijui hata huungwa na nini!" Kisha akanigeukia. "Na wewe tajiri, goti lako linaumwa leo?"

"Limestaafu, mama."

Akacheka, akavua kanga ya begani, akaitandaza chini. Nikapiga magoti nikamwokotea.